Mtamba wa Marwa na Kitabu cha Kusikiliza

Nakumbuka asubuhi ile Landrova ya watu wa maktaba ilipoingia uani kwetu, mwanangu, kuku wakatawanyika, na Bibi Gati, mama mzaa baba yangu, akaanza kuigombeza gari kama anamgombeza ng'ombe aliyeingia kwenye mtama. Kaa vizuri nikusimulie. Na hiyo simu iweke chini kwanza. Nawajua nyie vijana, mdomo unasema "naam Bibi" huku vidole vinatembea kwenye kioo. Mimi sioni, lakini vidole hivyo navisikia.

Umekuja kuniambia kwamba mnabadilisha tena. Zile CD mlizokuwa mnatuletea sasa basi, vitabu vyote vya wasioona vitakuwa kwenye simu, na wewe ni mmoja wa wanaovisoma, kwa sauti yako nzuri hiyo. Nimefurahi, sikatai. Lakini kabla sijakupongeza nataka ujue mabadiliko ya kwanza yalinikutaje.

Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi ya wasioona, mkoa wa mbali, nikarudishwa nyumbani Busawe. Macho yangu yaliondoka na surua nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo usinihurumie, sikumbuki nilichopoteza. Kilichoniuma ni kingine. Shuleni nilikuwa mtu. Nyumbani nikawa wa kulishwa. Nilisaga ulezi, nilichambua mboga, nilibeba watoto wa wenzangu mgongoni, basi. Mgeni akija anamwuliza mama, "Huyu naye anakula nini?" na mimi nimekaa hapo hapo, kana kwamba masikio nayo yaliondoka na surua. Nilikuwa namjibu mwenyewe: "Nakula ugali, wewe unakula nini?" Mama alikuwa anaona haya, mimi hapana.

Miaka ile kijiji chetu kilikuwa bado kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani, wakapangwa kwa mistari kama mahindi, jirani anasikia jirani yake akikoroma. Kulikuwa na shamba la kijiji, duka la kijiji ambalo mara nyingi lilikuwa na viberiti na kaunta tu, na darasa la kisomo kila mchana, wazee na mvi zao wanakariri herufi. Mwalimu wa kisomo alikuwa Bi Zuhura, Mwislamu kutoka Pangani, serikali ilimleta huku kwenye baridi na yeye akaja na kanga zake na kaseti zake za taarabu. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza. Chetu kilikuwa kinakwaruza, mpaka leo kinakwaruza, unanisikia.

Bi Zuhura ndiye aliyesikia redioni kwamba chuo kimoja cha ualimu kitapokea wasioona wachache, wafunzwe wakafundishe wasioona wenzao. Usaili ungefanyika Musoma baada ya mavuno. Wote wangeulizwa maswali kutoka kitabu kimoja, kinachoeleza kazi ya mwalimu katika kijiji. Kitabu hicho hakikuwa kimeandikwa kwa nukta nundu. Kilikuwepo cha kusikiliza tu, katika maktaba ya wasioona iliyokuwa mbali sana na huku. Bi Zuhura akaandika, akaandika tena, akamsumbua mratibu wa elimu mpaka mratibu akawa anabadilisha njia akimwona. Mwishowe maktaba ikaniazima mashine pamoja na kitabu.

Mwanangu, mashine ile ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Juu ilikuwa na magurudumu mawili, ukanda mwembamba unatoka gurudumu hili unaingia lile, na katikati hapo mwanamume mwenye sauti nzito anasoma. Kitabu kizima kilikuwa magurudumu mengi, kila moja ndani ya boksi lake, mpaka Bibi akauliza kama hicho ni kitabu au ni mahari. Na ilikuwa inakula mawe. Sisi betri tuliziita mawe, na miaka ile mawe yalikuwa shida kama sabuni. Yakichoka tuliyaanika juani pamoja na ulezi, yakipata joto yananisomea kurasa mbili tatu zaidi, yule mwanamume anaanza kusema polepole kama mlevi, kisha kimya. Nilikuwa nalia kwa hasira. Kwa namna hiyo, tangu masika mpaka karibu na mavuno, nilikuwa nimesikia sura chache tu za mwanzo.

Ndipo Landrova ikaja. Alishuka kijana mpole, akaamkia, "Shikamooni," akakaa, akasema maktaba imebadilisha utaratibu. Mashine za magurudumu zinarudishwa zote. Kuanzia sasa vitabu vitakuwa kwenye kaseti, ndogo, nyepesi, za kisasa. Yeye anaelekea Tarime kukusanya mashine nyingine, na akirudi baada ya siku chache ataichukua na hii yangu.

"Na hivi vitabu vya magurudumu?" nikauliza.

"Hivyo baki navyo, dada. Havina kazi tena."

"Kwa hiyo mnachukua kinywa, mnaniachia chakula."

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Nikamwuliza kaseti za kitabu changu zitafika lini. Akasema bado kinasomwa upya, pengine mwakani, na hata hivyo mashine ya kaseti itabidi kila mtu ajinunulie, maana wafadhili hawatoi mashine tena. Nikamwambia usaili wa Musoma ni baada ya mavuno. Akasema, "Pole sana." Hakuwa mtu mbaya. Ametumwa, anasema alichotumwa. Lakini nilipoisikia gari inaondoka nilijiona nimekaa tena mbele ya jiwe la kusagia mpaka nizeeke.

Sasa sikiliza habari za kaka yangu Marwa, maana yeye ndiye hadithi yenyewe. Kwetu Wakurya, kijana huoa kwa ng'ombe waliotoka kwa dada yake. Dada akiolewa, ng'ombe wake wanaingia zizini na kaka aliyeunganishwa naye anapata wa kuolea. Marwa aliunganishwa na mimi. Unaona balaa? Wenzake wote walikuwa na dada zao wenye macho, yeye akapewa mimi, ambaye hakuna mzee aliyewahi kupiga hodi kuniulizia. Hakunilaumu hata siku moja. Alikuwa na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, alipewa na mjomba wetu. Huyo ndiye alikuwa mwanzo wa mahari yake, alikuwa anamsugua mgongo na kumwimbia kama mchumba. Tulimtania sana.

Siku gari ilipoondoka, Marwa alikaa zizini mpaka usiku. Kesho yake asubuhi mtamba hayupo, na Marwa hayupo. Alikuwa amevuka Mto Mara, akamuuza mnadani, akapanda lori mpaka Sirari, kwa sababu huko mpakani vitu vya Kenya vilipatikana wakati kwetu madukani mna buibui. Aliporudi alikuwa anaimba kabla hata hajafika. "Bhoke! Bhoke, njoo upokee kinywa chako!"

Akaniwekea kitu mapajani. Nikapapasa. Kilikuwa chepesi, laini, kina mkono wa kubebea na kijimlango mbele. Juu hapakuwa na kitu. Nikapapasa tena juu, nikapapasa pembeni.

"Marwa, magurudumu yako wapi?"

"Yamo ndani. Fungua kijimlango."

Nikafungua. Ndani kulikuwa na vipini viwili vidogo, hata gurudumu la kitabu changu lingepita wapi sijui. Alikuwa amenunua mashine ya kaseti.

"Ulimwambia yule mfanyabiashara ni vitabu vya namna gani?"

"Nilimwambia vya magurudumu. Akasema, 'Hizo za zamani zilishaisha, bana. Hii ndiyo kitu mpya, inafanya kazi yote ile ingine ilifanya, na zaidi.' Nami nikafikiri, si mpya imezaliwa na ya zamani? Ndama atashindwaje kula majani aliyokula mama yake?"

Mwanangu, usimcheke. Au mcheke kidogo, maana tulicheka sana baadaye. Yeye alikuwa mtu wa ng'ombe, na kwa ng'ombe alikuwa amesema sawa kabisa. Hakujua kwamba wanaotengeneza mashine hawafanyi kama Mungu alivyofanya ng'ombe, kwamba wao wanaweza kuzaa mtoto asiyemjua mama yake.

Habari ikaenea kwenye ile mistari ya nyumba kabla ugali haujaiva. Marwa ameuza mke! Marwa amemwoa redio! Vijana wa rika lake wakaja kumwona bibi harusi mwenye betri. Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alikasirika mpaka fimbo ikawa inatetemeka mkononi, nasikia ncha yake inagonga sakafu. "Mtamba mzima! Huyu haoi, na yule haolewi, wote wawili watanizeekea hapa!" Marwa alichukua mashine mapajani mwangu. Nilimsikia anabonyezabonyeza vidude vyake. Hapo ndipo nilipolia kweli kweli, si kwa ajili ya chuo tena, kwa ajili yake.

Bibi Gati alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua mahindi. Akaacha.

"Basi! Nyamazeni wote," akasema. "Wewe mwanangu unapiga kelele za mtamba, mtamba alikuwa wako? Mjomba wake alimpa yeye. Na nyinyi wavulana mnaocheka, nani kati yenu amewahi kumuuzia dada yake hata kuku? Mnasubiri dada zenu wawaletee ng'ombe, mnaketi mnaota jua. Huyu ametoa alichonacho, amekosea njia. Mtu aliyekosea njia anaelekezwa, hachekwi. Tokeni hapa."

Wakatoka, wale vijana. Tata akakaa chini. Sijawahi kumsikia Tata akikaa chini haraka hivyo.

Marwa, kwa aibu tu, akaendelea kubonyezabonyeza vile vidude vya mashine yake. Ndani mlikuwa na kaseti tupu aliyopewa kama nyongeza. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile, tukasikia ghafla: "Nyamazeni wote. Wewe mwanangu unapiga kelele za mtamba..." Sauti ya Bibi, yote, mpaka mahindi yakidondoka kwenye ungo! Kumbe Tata alipokuwa akifoka alikuwa amebonyeza kitufe cha kurekodi bila kujua, na sasa ameirudisha nyuma kidogo.

Bibi akaruka. "Nani huyo ananiiga?"

"Ni wewe, Bibi. Imekusikia."

Akaja, akaishika, akaipigapiga kama anavyopiga tikiti kujua kama limeiva. Akafikiri. Kisha akauliza swali ambalo mimi niliyesoma na Marwa aliyesafiri hatukulifikiria: "Kama huyu mdogo anasikia, kwa nini tusimkalishe mbele ya yule mkubwa amsikilize?"

Nilimrukia shingoni, nikamwangusha kwenye mahindi.

Sasa kazi ikaanza, na ilikuwa mbio za kushindana na Landrova. Tulihitaji kaseti, na mashine mbili zinazokula mawe kwa pamoja. Bi Zuhura akaja na kikapu. Ndani kaseti zake zote za taarabu, alizotoka nazo kwao na kuzisikiliza kwa kimashine kisichojua kurekodi. Nikamwambia, "Mwalimu, hizi si ndizo unazosikiliza ukikumbuka nyumbani?" Akasema, "Nyumbani nitakwenda likizo, nitazikuta nyimbo huko huko. Wewe usaili hautakusubiri." Alitufundisha kuziba vijitundu vya mgongoni mwa kaseti kwa karatasi iliyotafunwa, ili mashine ikubali kuandika juu ya nyimbo. Alikuwa anatafuna karatasi na kusema maneno makavu ya Kipangani juu ya ladha yake. Alipoondoka alikuwa anavuma wimbo mmoja taratibu, na mimi nilielewa kwamba anauaga.

Mawe yalitoka kwa majirani. Kila mwenye redio alitoa yake, akakaa bila taarifa ya habari. Wengi walitoa kwa ajili ya Marwa, nadhani, kwa sababu ya lile karipio la Bibi lililokuwa limepita kila nyumba. Mzee Nyamhanga, jirani yetu, ndiye aliyekuwa mgumu. Yeye redio yake ilikuwa kama mke mdogo. Alikubali kwa sharti moja: kama anakosa habari kwa ajili ya kitabu, basi aje akisikilize hicho kitabu, ajue amedhulumiwa kwa ajili ya nini. Na akija Mzee Nyamhanga, wanakuja na wenzake.

Tuliweka mashine zote mbili nyumbani kwa Bibi, mkubwa na mdogo wanatazamana kwenye kigoda. Ng'ombe walipelekwa malishoni mbali, watoto wakatumwa mtoni. Marwa akawaambia wazee, "Shikamooni. Naomba msiseme lolote mpaka nikiinua mkono."

Wakaahidi. Lakini mwanangu, wewe umekulia mjini, hujui wazee wetu. Kwetu mtu akizungumza unamwitikia. Ukimwacha anaongea umenyamaza tu, umemtukana, ni kama unamwambia maneno yake ni upepo. Yule mwanamume wa kitabu akaanza: "Mwalimu katika kijiji ni mtumishi wa wananchi." Na wazee wote kwa pamoja: "Eeeh!" Marwa akaruka, "Psss!" Mwanamume akaendelea: "Awe mfano wa bidii katika shamba la pamoja." "Kweli kabisa!" "Psss!" "Psss" zenyewe zikaingia kwenye kaseti. Bibi akawa anawakemea kwa kunong'ona, na mnong'ono wake ulikuwa unafika barabarani.

Walijitahidi, maskini, nasikia wanaziba midomo kwa mikono. Lakini sura ya wazazi wasiopeleka watoto shule ilipofika, Mzee Nyamhanga alishindwa. Msomaji alisema mwalimu awaite wazazi mkutanoni, awaeleze faida za elimu. Mzee akapiga fimbo chini. "Uongo! Mkutanoni tutasema ndiyo, ndiyo, halafu mtoto anarudi machungani. Aje zizini kwangu asubuhi, anikute nakamua. Aulize kwanza ng'ombe watachungwa na nani. Hapo tutaongea kama watu." Wenzake, "Eeeh! Hapo umesema!" Na kitabu hakikungoja, kiliendelea chini ya kelele zao. Hatukuwa na mawe ya kurudia. Tuliacha hivyo hivyo.

Gari ilirudi gurudumu la mwisho likiwa linazunguka. Nilisikia mlio wake kwa mbali, mkono wangu ukaenda kwenye kitufe. Marwa akanishika bega, "Usisogee, usizime." Bibi akatoka nje. Nilimsikia yule kijana anasema amechelewa, anataka mashine aondoke. Na Bibi anamwita kijana kwa Kikurya, "Mura, umenisalimia?" "Shikamoo Bibi." "Marahaba. Umekula?" "Bibi, nina haraka." "Sikukuuliza haraka, nimekuuliza chakula." Akamkalisha. Akamletea maziwa lala kwenye kibuyu, na ukipewa kibuyu kwetu hunywi nusu. Akamletea ugali wa mtama. Akamwuliza baba yake, mama yake, babu zake wote, na kama ng'ombe wa kwao wana afya. Yule kijana alikuwa mtu wa Dodoma, akaanza kueleza ng'ombe wa kwao, na mtu akianza kueleza ng'ombe hawezi tena kuharakisha. Alipomaliza, gurudumu lilikuwa limemaliza. Akaikuta mashine mlangoni, imefungwa kamba vizuri, bado ina joto. Sijui kama alielewa. Nadhani alielewa, maana alipoinyanyua alisema, "Kila la heri Musoma, dada."

Nilisikiliza kitabu kile mpaka nikakijua kama jina langu. Kurudisha kaseti nyuma nilikuwa naizungusha kwa kijiti, nisiyachoshe mawe. Msomaji anasoma, Marwa anafanya psss, jogoo anawika, wazee wanabishana na serikali, na mwisho wa kila upande, maneno yakiisha, kinachomoza kipande cha taarabu ya Bi Zuhura ambacho hakikufunikwa. Nilikuwa nakiacha kiimbe mpaka mwisho.

Musoma walikuwa wasaili watatu. Waliniuliza kuhusu wazazi wasiopeleka watoto shule. Nikajibu kama kitabu kilivyosema, neno kwa neno. Kisha, kwa kuwa kichwani mwangu maneno hayo hayakuwahi kukaa peke yake, ulimi ukaendelea: lakini mkutanoni watasema ndiyo tu, ni afadhali mwalimu aende zizini asubuhi, aulize kwanza ng'ombe watachungwa na nani. Nikasikia kalamu zikiwekwa mezani. Nikajua nimekwisha. Mmoja akasema, "Nimekisoma kitabu hiki mara nyingi. Hayo ya zizini yako ukurasa gani?" Nikasema, "Hayo ni ya Mzee Nyamhanga, jirani yetu. Kwenye kitabu changu yamo." Wakacheka mpaka mmoja akaomba maji. Halafu wakaniuliza mambo mengine mengi, hayakuwa ya kitabu tena, yalikuwa ya kwetu. Majina yaliposomwa redioni, langu lilikuwemo. Mzee Nyamhanga, aliyekuwa amerudishiwa mawe yake, ndiye aliyelisikia, akaja anakimbia na umri ule.

Nilifundisha miaka mingi, mwanangu. Mshahara wa kwanza nilinunua sukari na sabuni, kama kila mtu. Iliyofuata nikawa naweka. Nikanunua mtamba, nikanunua mwingine, Tata akawa ananichungia na kunitafutia wa bei nzuri, na safari hii fimbo yake haikutetemeka. Marwa alikuwa amechelewa, rika lake lote wana watoto wanaotembea. Siku ya mahari yake, wazee wa upande wa binti waliuliza kama ilivyo desturi: hawa ng'ombe wametoka wapi? Wenzake wale wale wa kumcheka walikuwepo. Marwa akasimama, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Ni ng'ombe wa dada yangu Bhoke." Nilikuwa nimekaa na wanawake. Mama alinishika mkono akaubana mpaka ukauma, wala sikumwambia aache.

Basi, baada ya hapo mmebadilisha tena na tena. Kaseti zikaisha, mashine zake zikaharibika, mafundi wakasema vipuri havipo. Zikaja CD, nikanunua mashine yake, mkwaruzo mmoja tu na mtu anarudia neno lile lile mpaka unataka kumpiga. Sasa simu. Kitabu ni cha bure, mnasema, na kweli ni bure, ila kinakula bando kama ndama anavyonyonya, na kabla hakijafunguka kinataka nywila, na nywila inaandikwa kwenye kioo kisicho na kitu cha kushika. Kila mara mnakuja na furaha, na kila mara kuna mtu mahali fulani, Nyansurura huko au wapi, amebaki na boksi la vitabu visivyosema.

Sikukatazi kubadilisha. Ningekuwa mjinga, mimi niliyewahi kubeba jiwe la kusagia ili nisikie sura mbili. Ninachokuasa ni hiki. Usichukue cha zamani kwa mtu kabla kipya hakijafika mkononi mwake na akakijua. Usiseme kitu ni rahisi mpaka umejua nyumbani kwake wameuza nini ili wakipate, maana bei iliyoandikwa dukani si bei yote. Ukiambiwa mtu amenunua mashine isiyofaa, usimcheke, kaa naye uulize hiyo aliyonayo inaweza nini. Na unaposoma, soma mpaka mwisho wa kitabu, usiruke kurasa kwa kuwa umechoka. Huku anayekusikiliza amejipangia maisha kwa kurasa hizo. Hayo tu. Mengine utajifunza mwenyewe kwa makosa yako, na ni haki yako.

Sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe koo lisilokauka na kazi isiyokukimbia. Akupe ndugu atakayekutolea alichonacho hata akikosea njia, na akupe nguvu za kumrudishia. Uzae, ufuge, uzeeke kwako. Na siku macho yako yakichoka, mwanangu, maana huchoka hata ya walioona vizuri, akukute mtu ambaye kabla hajakuletea kitabu atakuuliza: una mashine gani?